Mchoro wa Ukurasa wa Tisa

Shigela alifika katika Ofisi ya Kumbukumbu za Kaya mjini Mbeya siku ya Jumatano, mwishoni mwa Februari mwaka 1975, akakaa kwenye benchi la nje kwa saa tatu kabla hajaulizwa shida yake. Alikuwa ametoka Itambalila, kijiji cha wafugaji katika mbuga za Usangu, safari ya siku mbili, nusu yake kwa miguu na nusu ndani ya lori lililokuwa likirudi tupu. Mlangoni alivua makatambuga yake, kwa kuwa sakafu ilikuwa imepigwa rangi nyekundu ikang'arishwa. Alipoingia aliona kwamba watu wote waliomo wamevaa viatu, lakini kurudi kuyavaa kungekuwa aibu ya pili.

Katika chumba cha nyuma cha ofisi hiyohiyo alifanya kazi mdogo wake, Budeba. Shigela hakumwulizia. Kijiji ndicho kilichomtuma, na hakutaka ionekane kwamba amekuja kuomba kwa ndugu.

"Haya, mzee, sema," alisema Yotamu, mkuu wa ofisi, ambaye alikuwa pia mzee wa kanisa kule Mbalizi na mtunzaji wa mihuri yote mitatu.

"Nimetumwa kuulizia mahindi."

"Mahindi yalikwenda. Sahihi ya kupokea ninayo hapa."

"Yalikuja. Lori likasoma majina kumi na tisa. Wa kwanza yule mwenye ng'ombe mia mbili. Akapewa magunia mawili, mke wake akaona aibu akayafunika na mkeka. Sisi wengine tukaambiwa ni matajiri."

"Nani amewaambia?"

"Karani wa lori. Anasema kadi ndiyo imesema."

"Basi imesema."

"Kadi inamjua mtu?"

Swali hilo lilimpendeza Yotamu, kwa kuwa jibu lake lilikuwa fahari ya ofisi nzima. Alivuta mezani sanduku la mbao lililojaa kadi ngumu, kila moja ikiwa na safu ya matundu madogo pembezoni. Usoni mwa kadi paliandikwa jina la mkuu wa kaya na kijiji chake, basi. Mengine yote yalisemwa na matundu. Tundu la saba upande wa kulia lilikuwa la kaya isiyo na chakula. Tundu la saba upande wa kushoto, la kaya yenye ng'ombe zaidi ya thelathini. Karani alichukua koleo, kama lile la mkata tiketi wa treni, akalifungua tundu lihusikalo mpaka ukingoni. Kisha, orodha ilipohitajika, sindano ndefu ya kufumia ilipitishwa katika tundu moja la kadi zote kwa pamoja, rundo likainuliwa, na zile zilizofunguliwa zikaanguka zenyewe mezani.

Yotamu akachomeka sindano katika tundu la saba kushoto, akainua. Kadi zikadondoka kama maganda.

"Unaitwa nani?"

"Shigela Luhende."

Yotamu alipekua zilizoanguka, akainua moja. "Huyu hapa. Ng'ombe zaidi ya thelathini."

"Ninao wawili. Na mmoja amelala tangu Jumapili, tunamwinua kwa miti."

"Labda siku ya kuhesabiwa uliwaficha."

"Mtu akificha ng'ombe, kwenye karatasi yenu wanapungua, mzee. Hawaongezeki."

Karani mmoja alicheka, kisha akakumbuka alipo. Katika chumba cha nyuma Budeba aliitambua sauti ya kaka yake, akaweka koleo chini. Kadi za Usangu, mia nane arobaini na mbili, alikuwa amezikata yeye peke yake tangu Agosti. Alipewa Usangu kwa sababu alikuwa mwenyeji wa huko na hakukosea majina.

Jioni ile, jua likiwa bado juu, ndugu hao wawili walifika Ilomba, ambako Budeba alipanga vyumba viwili kwa mama mmoja aliyeitwa Damari. Mkewe Kalista alikuwa akisonga ugali wa yanga, kama watu walivyouita unga wa mahindi ya njano ya msaada. Mama yao, Kashindye, alikuwa amekaa kwenye kigoda tangu Novemba, mwezi aliokuja kwa kile kilichoitwa kutembelea wajukuu.

"Kula, shemeji," Kalista alisema. "Usiangalie rangi. Hata mashabiki wa Simba wanaula."

Shigela alikula akiwa ameinamisha kichwa, kwa mwendo wa mtu anayejizuia. Alipomaliza, Budeba akatoa bahasha aliyoificha ndani ya shati. Ndani yake mlikuwa na kadi ishirini za Itambalila na Mwongozo wa Kukata Kadi, kijitabu cha kurasa kumi na sita ambacho hakikuruhusiwa kutoka nje ya ofisi. Alisoma jina moja moja, na baada ya kila jina akauliza: huyu ana nini? Shigela akajibu. Mwenye ng'ombe kadi yake ilimtaja kuwa hana chakula. Asiye na chakula kadi yake ilimpa ng'ombe. Ilikuwa hivyo kwa majina yote ishirini. Kosa la uzembe lingekuwa na mapengo. Hili halikuwa na pengo hata moja.

"Hebu lete hiyo," Kashindye alisema. Hakujua kusoma, lakini alikuwa ametia alama masikio ya ng'ombe wa wanaume watatu: baba yake, mume wake na mwanawe mkubwa. Aliigeuza kadi mara mbili. "Sasa wewe hii umeikata umesimama wapi?"

"Nimekaa, mayu. Mezani."

"Sikuulizi kukaa. Ng'ombe tunamkata sikio tuko nyuma yake, maana tunamjua tukimfuata njiani. Kulia kwake ni kulia kwako. Na wewe umekata hivyohivyo, mgongo unakutazama. Sasa huyu mzee wa ofisi yeye anaitazama usoni. Kulia kwako kwake ni kushoto. Si ndiyo?"

Budeba alifungua ukurasa wa tisa. Pale palikuwa na mchoro wa kadi, na mkono ulioshika koleo upande wa kulia. Chini yake pameandikwa: uso wa kadi. Lakini kadi iliyochorwa haikuwa na mistari ya jina wala ya kijiji. Ilikuwa mgongo. Aliyechora alikuwa ameigeuza, na Budeba kwa miezi sita alikuwa akizilaza kadi kifudifudi na kuzikata kama mchoro ulivyomwonesha, wala hakuona ajabu, kwa sababu ndivyo mikono ya kwao ilivyozoea.

"Na hao makarani wenzako?" Kalista aliuliza.

"Wao walikata kadi imetazama juu. Maneno ya ukurasa wa kumi na moja yanasema hivyo. Nilidhani ndio wanaokosea."

"Ukawaambia?"

"Wapo watano, Mama Roza."

Kalista alikusanya sahani. Alikuwa Mbena wa upande wa Mafinga, na kule mama yake mjane, Severina, alipata madebe mawili ya mahindi kila orodha ilipotolewa, kwa kadi iliyokatwa Iringa na mtu mwingine. "Orodha nyingine lini?" aliuliza.

"Tarehe ishirini, mwezi wa tatu."

"Sisi tunaweza kusubiri tarehe ishirini," Shigela alisema. "Zaidi ya hapo watu watatawanyika. Wameshaanza kuulizana njia."

Wiki iliyofuata Yotamu alipoambiwa na Budeba, aliinuka kwanza akafunga mlango.

"Zote?"

"Zote mia nane arobaini na mbili, mzee."

"Kwa uzembe?"

"Kwa kufuata mchoro wa ukurasa wa tisa."

Yotamu aliutazama mchoro kwa muda mrefu, bila mshangao. "Makarani wangu wengine watano wana kitabu hikihiki. Wamekosea?"

"Hapana. Wao hawakuufuata mchoro."

"Kwa hiyo waliokaidi mwongozo wako sawa, na aliyeutii ndiye amekosea."

"Ndiyo."

"Hilo siwezi kuliandika, Ndugu Budeba."

Budeba alikuwa amejiandaa kwa karipio, si kwa hoja. Alisema kwamba hapakuwa na haja ya kuandika chochote. Tarehe ishirini, zamu ya kadi za Usangu ikifika, sindano ipite kushoto badala ya kulia. Ilikuwa kazi ya dakika tano, wala kadi mpya isingehitajika.

"Kwa kifungu kipi?"

"Mzee, watu hawana chakula."

"Nimekuuliza kifungu." Yotamu hakuwa mtu katili, mshahara wake mwenyewe ulilisha watu kumi na wanne. "Nikichomeka sindano kushoto bila karatasi, halafu mkaguzi akaja, nitamwambia nini? Kwamba karani wangu, mwenyeji wa Usangu, ameniomba nigeuze orodha ya kwao, na kwamba wiki iliyopita kaka yake alikuwa hapa ndani bila viatu? Kuna neno siku hizi linatembea kwenye maofisi. Hujuma. Likikukalia halikutoki."

"Kwa hiyo tuache?"

"Sijasema tuache. Kitabu kimetoka ofisi ya kanda, Iringa. Kimetafsiriwa na Bwana Bartolomeo. Lete karatasi yenye sahihi yake inayosema geuza, nami nitageuza siku hiyohiyo. Ruhusa ya siku tatu nakupa. Nauli sina."

Nauli ilipatikana kwa kuku wawili wa Kalista. Mwenye nyumba, Damari, ndiye aliyewanunua. Aliwabana vifua kwa vidole, akasema kuku wa mwaka wa njaa hawana bei, akataja bei yake mwenyewe. Kalista aliipokea, akasema asante mara mbili, kwa kuwa kodi ya mwezi ule ilikuwa bado.

Kwa siku sita Budeba alikuwa ameandika na kufuta masahihisho yake kwenye daftari la mwanawe Roza, mpaka yakabaki maneno machache yasiyoweza kupotoshwa. Yalisema kwamba mchoro wa ukurasa wa tisa unaonesha mgongo wa kadi, ingawa maelezo chini yake yanasema ni uso. Kwamba kadi za Usangu tu ndizo zilizokatwa kwa kuufuata mchoro huo, na hizo zisomwe kwa upande wa pili. Na kwamba kadi nyingine zote zibaki zilivyo. Aliyasoma kwa sauti ndani ya basi, mara nyingi kiasi kwamba jirani yake alihama kiti.

Bartolomeo alimpokea Iringa siku ya pili, baada ya kumwambia siku ya kwanza kwamba ameshachelewa. Alikuwa mtu nadhifu, na mezani pake palikuwa na kamusi tatu.

"Kamwene," alimsalimu kwa lugha ya huko. "Kaa. Umetoka Mbeya kwa ajili ya mchoro?"

"Ndiyo, bwana. Ukurasa wa tisa."

"Naujua. Stensili iligeuzwa na mchapaji. Niliona mwezi wa nane."

Budeba alidhani hakusikia vizuri. "Mwezi wa nane ndio tulianza kukata."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza?"

"Hakuna aliyelalamika, ndugu yangu. Mwongozo usiolalamikiwa ni mwongozo mzuri. Wilaya zote za Iringa zimekata vizuri, na zenu nyingine huko Mbeya pia. Kila mtu aliuona mchoro, akaona hauna akili, akaendelea na kazi. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuufuata." Aliinama mbele kwa udadisi wa kweli. "Hebu niambie. Mtu anapewa kadi ina jina upande mmoja, anailaza jina chini. Hakushangaa?"

Budeba angeweza kumweleza habari za masikio ya ng'ombe. Aliutazama ukuta uliojaa ramani, akaona jinsi maelezo hayo yatakavyosimuliwa saa ya chai. "Nilifuata kitabu," alisema.

Bartolomeo alisoma masahihisho kwa kalamu nyekundu mkononi. Neno la kwanza kufa lilikuwa "masahihisho", kwa kuwa mahali penye masahihisho pana kosa, na penye kosa pana mkosaji. Waraka ungeitwa ufafanuzi. Kisha kalamu ikasimama.

"Hapa umeandika 'kadi za Usangu tu'. Hii haiwezi kukaa. Waraka wa kanda hautaji mahali pamoja. Ukitaja mahali umemtaja mtu."

"Mtaje. Ni mimi."

"Na juu yako ni nani aliyekusimamia? Na juu yake ni nani aliyeuidhinisha mchoro?"

"Lakini bwana, ukiondoa maneno hayo, kadi zote za mikoa miwili zitageuzwa. Zile zilizo sawa zitaharibika."

"Makarani wana akili. Waliupuuza mchoro, na ufafanuzi nao wataupuuza pale usipowahusu."

Alipiga mstari juu ya Usangu, akapiga mwingine juu ya sentensi ya mwisho, akauandika upya waraka kwa mwandiko mzuri sana. Ukabaki hivi: "Ufafanuzi Na. 3. Upande wa kulia na wa kushoto katika mchoro wa ukurasa wa tisa ueleweke kwa kubadilishana. Kadi zilizokatwa kabla ya ufafanuzi huu zisomwe kwa upande wa pili."

"Nikisaini hivi, mpiga chapa anaupiga leo na posta inaondoka kesho," alisema Bartolomeo. "Ukitaka lako, litakwenda kwenye kamati. Kamati inakaa mwezi wa sita."

Budeba hakuamini kwamba makarani wangeupuuza. Mchoro uliokosewa unaweza kupuuzwa, kwa kuwa kila mtu hudhani ameuona peke yake. Waraka wenye namba hauna mtu wa kuupuuza. Alijua hivyo, naye alikuwa karani. Alihesabu siku zilizobaki mpaka tarehe ishirini. Zilikuwa kumi na moja.

"Sawa," alisema.

"Jina lako nitaliweka chini. Umetayarishwa na B. Luhende. Ni heshima hiyo."

Wakati wa kurudi basi lilisimama Mafinga kwa dakika kumi na tano, likisubiri malori ya mbao yapishane. Kalista alikuwa amemwagiza ashuke japo ampe mtu salamu za kumpelekea mama yake. Budeba alibaki kitini, akatazama mbele.

Waraka ulifika Mbeya tarehe kumi na nane. Yotamu aliusoma mara mbili, akaupiga muhuri wa kupokelewa, akaubandika ukutani kwa pini nne. Tarehe ishirini asubuhi makarani sita walizunguka meza, na masanduku yakaletwa. La kwanza halikuwa la Usangu, bali la vijiji vya mlimani. Yotamu akachomeka sindano kushoto.

"Hizo hapana, mzee," Budeba alisema. "Hizo zilikuwa sawa. Zipite kulia."

"Waraka unasema zote."

"Mzee unajua zilikuwa sawa. Tulizungumza ndani."

"Tulizungumza. Lakini wewe uliniletea karatasi." Yotamu alionesha ukutani kwa ncha ya sindano nyingine. "Ndugu Budeba, ulinitaka nisome kinyume bila karatasi, nikakataa. Sasa unanitaka nikatae karatasi, na chini yake pana jina lako. Nikufuate wapi?"

Kila mmoja wa makarani wengine alikuwa amekata sanduku lake vizuri kwa miezi sita, na kila mmoja aliliona likisomwa kinyume, na kila mmoja alimtazama Budeba badala ya kuitazama sindano. Saa saba mchana ilifika zamu ya Usangu. Sindano ilipita kushoto, rundo likainuliwa, na kadi za watu wasio na chakula zikaanguka, zote, kama ilivyopasa. Itambalila peke yake ilitoa majina sitini na moja. Shigela Luhende alikuwa wa arobaini.

Budeba alitoka nje akasimama uani. Alijaribu kupima alichofanya, vijiji vya huku dhidi ya vijiji vya kule, akaona kwamba hesabu hiyo haina upande unaoweza kuandikwa.

Barua ya Mafinga ilifika katikati ya Aprili. Iliandikwa na Saulo, mdogo wake Kalista, kwa penseli. Kalista aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akamsubiri mumewe.

"Baba Roza, mama amenyimwa mahindi. Saulo anasema kijiji kizima wamenyimwa. Wameambiwa wana ng'ombe. Mama yangu ana mbuzi mmoja, na huyo ni wa padri."

Budeba alivua koti.

"Imetoka karatasi, anasema. Ina namba tatu. Mwalimu aliisoma mbele ya watu, na chini kuna jina. Saulo anauliza kama huyo Luhende ni ndugu yetu." Aliikunja barua mara mbili, mara nne. "Nimjibu nini?"

"Wamenikatia maneno. Mimi niliandika vizuri."

"Ulijua lakini? Ukiwa huko Iringa, kabla hujapanda basi. Ulijua itafika kwa mama?"

Kashindye, kwenye kigoda chake, alitazama ukutani. Budeba angeweza kusema kwamba kilikuwa kijiji dhidi ya kijiji, kwamba siku zilibaki kumi na moja, kwamba Bartolomeo aliahidi makarani wana akili. Kalista alikuwa mwanamke mwenye kusikiliza sababu, na ndiyo maana hakuthubutu kumpa hata moja.

"Nilijua."

"Na kuku walikuwa wangu," alisema Kalista, bila kupandisha sauti.

Asubuhi yake alifunga nusu ya unga uliobaki katika khanga, akamshika Roza mkono, akaenda kusimama barabarani kusubiri lori la kwenda Mafinga. Nusu nyingine aliiacha kwa ajili ya mama mkwe, akiwa ameipima kwa kikombe mbele ya macho yake ili asije akadhaniwa vingine. Siku ya kurudi hakuitaja. Damari alisimama mlangoni kwake akiyaona yote, akakumbusha habari ya kodi.

Lori la Usangu lilirudi wiki iliyofuata, likiwa bado na zaidi ya nusu ya shehena yake. Njia ilikuwa imeharibika, kisha dizeli ilikosekana, na mahindi ya orodha ya tarehe ishirini Machi yalifika Itambalila tarehe kumi na tisa Aprili. Karani wa lori alieleza mbele ya meza ya Yotamu, akiwa bado na vumbi kwenye nyusi.

"Nimesoma majina sitini na moja, kama yalivyo. Wameitika tisa."

"Wengine wako wapi?"

"Wameondoka. Nyumba zimezibwa kwa miiba. Kuna waliokwenda Mbozi kutafuta vibarua kwenye kahawa, kuna waliokwenda Chunya. Wengine hata majirani hawajui. Yule mwenye ng'ombe mia mbili yupo. Ameuliza kwa nini safari hii hakusomwa."

"Na mahindi?"

"Nimeyarudisha. Bila mtu wa kuweka dole gumba nitayaachaje?"

"Umefanya vizuri," alisema Yotamu. Alifungua mwongozo ukurasa wa kumi na nne. Kaya isiyoitika jina lake ilipaswa kukatwa tundu la kumi na mbili, imehama, na kadi yake kuhamishiwa sanduku la akiba. Kadi ya sanduku la akiba haipitiwi na sindano. Aliyehama angeandikishwa upya huko aliko, katika uandikishaji utakaofuata, ambao tarehe yake ilikuwa haijapangwa.

Yotamu alikwenda mwenyewe chumba cha nyuma. Alisimama kidogo kabla ya kusema, na huenda huko kusimama ndiko kulikuwa pole yake.

"Ndugu Budeba. Kuna kadi hamsini na mbili."

"Za wapi?"

"Unajua za wapi. Ningempa mwingine, lakini sanduku ni lako, na mwongozo unataka aliyelianza alimalize."

Budeba alizipokea. Alizipanga nyuso zikiwa juu, majina yakimtazama, akaanza kukata. Alifanya kazi polepole, akisoma kila jina mpaka mwisho kabla ya kubana koleo. Mengi yalikuwa ya watu aliochunga nao utotoni. Kadi ya Shigela Luhende, ambayo sasa ingekuwa na mikato miwili, aliikata katika zamu yake, baada ya ya thelathini na tatu na kabla ya ya thelathini na tano, kwa usafi uleule, kwa kuwa kadi iliyokatwa ovyo hurudishwa.

Yotamu alizikagua zote. Alizishika moja moja usoni, akalinganisha tundu na mwongozo, na mwongozo na Ufafanuzi Na. 3, akatafuta kosa kama mtu anayetamani kuliona. Hakuona. "Hakuna kosa hata moja," alisema kwa sauti, ili makarani wengine wasikie, akapiga muhuri.

Jioni Budeba alimkuta mama yake amekaa palepale, sufuria tupu ikiwa imeoshwa na kufunikwa. Alikuwa amesikia kwa wapita njia kwamba lori la Usangu limerudi.

"Budeba. Jina la Shigela limesomwa?"

"Limesomwa, mayu."

"Upande wake mwenyewe? Wa wenye njaa?"

"Upande wake mwenyewe."

Kashindye alivuta pumzi ndefu, akajifunga khanga vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba akaomba asaidiwe kusimama ili aende nje akaone watu. "Basi wale watoto wanakula leo," alisema.

Budeba alimshika mkono akamwinua. Hakumsahihisha.